Matone Yanayojipanga

Jirani alimnong'oneza mama mwenye kichanga kwamba yule mtaalamu wa maabara ambamo mama huyo hufagia huongea na mafuta. Ni kweli, huongea nayo. Kila asubuhi mama humkuta ameinamia hadubini, kidole kikizungusha kioo chenye tone la mafuta polepole kama anayebembeleza usingizi. "Jipangeni, wanangu," husema. Anatafuta namna ya kutengeneza maziwa ya kopo yatakayowafaa watoto njiti waliokosa ziwa la mama. Chembe za mafuta ya maziwa hayo zikijipanga vizuri, picha hung'aa, zikivurugika, giza. Leo kona moja iling'aa, akamwita mama achungulie. Kisha mtaalamu akafungua na kufunga kifungo cha koti lake.

"Mdogo wangu, usinicheke. Sina maziwa halisi ya mama ya kufuatisha. Ukishamnyonyesha mwanao akashiba, utanikamulia matone mawili?"