Aliyenihoji kwanza leo alikuwa na bunduki

Marafiki, leo nimefanya interviu mbili. Ya kwanza sikuiomba.

Asubuhi nilitoka Rumonge kwenda Bujumbura, banki moja inatafuta mutu wa kuandika programu za ordinateri, ile kompyuta yao kubwa.

Pale Minago watu wenye silaha wakasimamisha basi. Mukubwa wao akashika karatasi nilizokuwa najifunzia.

"Hii luga ya nani?"

"Ya mashine, chef. Inasoma majina ya wateja moja moja, mpaka yaishe."

Akacheka kidogo.

"Na sisi tuko na majina, ya watu tunaotafuta. Ukirudi, utatusomea."

Banki wamenikubali, jamani!

Lakini mama yuko Rumonge peke yake, na barabara iko moja tu, ile ya Minago.

Mungekuwa nyinyi, mungerudi kumuchukua?