Kibali cha Ndoa cha Babu Mwingereza

Mama mkubwa wangu wa Tanga alilelewa na bibi yake, na bibi huyo alikuwa ameolewa na Mwingereza, fundi mitambo wa shamba la mkonge. Mama mkubwa alijivunia jambo moja: bibi yake hakuwa hawara wa Mzungu, alifungishwa ndoa kanisani. Aliniomba nimtafutie ukoo wa babu yake huko Uingereza, maana mimi ndiye ninayeshinda mbele ya kompyuta, kwenye ofisi ya mizigo hapa Sanyuanli, huku Uchina.

Katika kumbukumbu za makanisa ya Uingereza zilizowekwa mtandaoni, nikapata kibali cha ndoa. Babu ameapa mbele ya karani wa askofu kwamba hakuna kizuizi cha kumwoa msichana fulani wa kijijini kwao. Ilikuwa miaka mitatu kabla hajaja Tanganyika. Sikusubiri hata chai ipoe. Nikatuma picha ya kibali hicho kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Kumbe babu aliacha mke kwao!"

Watu wakacheka. Binamu mmoja akaandika, "Basi bibi alikuwa nyumba ndogo." Mama mkubwa akajitoa kwenye kundi.

Wiki chache baadaye nilimwonyesha karatasi ile mama wa Kikongo ninayechangia naye ofisi, Mkatoliki kutoka Lubumbashi.

"Na cheti cha ndoa kiko wapi?" akaniuliza.

"Si ndicho hiki?"

"Hapana, papa. Hii ni ruhusa tu. Mimi pia askofu alinipa ruhusa, na bwana arusi akakimbia."

Nikarudi kutafuta, safari hii kwenye daftari la ndoa la parokia yenyewe. Jina la babu halikuwemo. Yule msichana nilimkuta mwaka uliofuata, anaolewa na mwoka mikate, ameandikwa kwamba hajawahi kuolewa.

Nilimpigia mama mkubwa mara tatu kabla hajapokea. Nikamweleza yote.

"Mbona hukuniambia mimi kwanza?" akauliza. "Mimi ndiye niliyekutuma."

Ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana mjuzi.

"Haya," akasema. "Yaandike kulekule ulikoyaandika."

Niliyaandika, nikaomba radhi. Wawili walijibu kwa kidole gumba. Wengine waliendelea na michango ya kitchen party. Mama mkubwa hajarudi kwenye kundi. Shikamoo yangu anaiitikia, lakini habari za bibi yake hanisimulii tena.