Kengele ya Mzee Quirino

Mbaya wa Ersilia alijileta mwenyewe, Jumapili kabla ya chakula cha mchana, ndani ya basi la watalii. Basi liliishia kwenye lango la mji, kwa sababu vichochoro vya Rocca Sordella havipitishi hata mkokoteni. Evaristo alishuka wa kwanza, suti ya kijivu, kifua mbele, akawapandisha ngazi wastaafu wenzake wa Ubelgiji huku akiwasimulia habari za kanisa letu kana kwamba alilijenga yeye. Mjukuu wake, Noemi, alikuwa amemshika mkono.

Ersilia aliwaona kutoka dirishani, akapangusa unga mikononi. Ufunguo wa kanisa hukaa kwake. Mgeni akitaka kuona picha za ukutani humwita kutoka chini, naye humteremshia ufunguo kwa kikapu na kamba, kisha hurudi kwenye mapishi yake. Siku hiyo kikapu kilibaki jikoni. Aliupeleka ufunguo mwenyewe.

Ersilia tunamjua sote. Ameokota zeituni za watu, amepiga pasi nguo za mapadri, na hakuolewa, maana enzi zile nani angemchukua binti wa mwizi? Baba yake, Quirino, alikuwa mtunza kanisa. Kikombe cha fedha cha misa kilipotoweka, Evaristo, kijana aliyeaminika, alisimama mbele ya altare akasema amemwona Quirino akitoka nacho ndani ya koti. Mji mzima tukayameza maneno yake. Mzee alikufa majira yaleyale ya baridi, na hakuna aliyekubali kumvutia kamba ya kengele. Huku kwetu hata mlevi hupigiwa kengele akizikwa. Quirino alipelekwa makaburini kimyakimya kama mbwa, na Evaristo alikuwa ameshakwenda zake Ubelgiji.

Baadaye sana, muuza vitu vya kale wa mji wa bondeni alipokuwa akikata roho, alikiri kwamba kikombe aliuziwa na Evaristo. Tuliona haya, tukamletea Ersilia ufunguo pamoja na pole nyingi. Pole hakuzitaka. Padri alipojitolea kumpigia marehemu kengele, alimkatalia. Alisema Evaristo, aliyemnyima baba yake kengele, ndiye atakayeivuta, na yeye atangoja.

Basi wageni waliingia, wakainua shingo kutazama watakatifu. Nyuma yao Ersilia alifunga mlango kwa ndani, akautia ufunguo kifuani.

"Evaristo," alisema, "picha umeshawaonyesha. Sasa kamba ile."

"Ersi, bado tu una mizaha yako?"

"Ninayo. Huu nimekuwekea wewe."

Akawaeleza wageni habari yote, sauti yake shwari, bila kuacha kitu. Evaristo alicheka, akasema mama huyu kazeeka, akili zimemruka. Ersilia alikaa kwenye benchi, akakunja mikono. Huko mgahawani walikoagiza chakula mbavu za kondoo zilikuwa zinaungua, dereva alikuwa anapiga honi, na bibi mmoja mwenye kisukari alianza kulalamika kwamba atazimia.

Bibi huyohuyo ndiye aliyemmaliza. Alimwambia Evaristo kama hakuiba, aape tu mbele ya altare, wakale.

Evaristo alikwenda mpaka altareni. Mtu wa kwetu atamdanganya polisi, atamdanganya mkewe, lakini pale mkono humwia mzito. Alifungua kinywa, akamtazama mtakatifu ukutani, akakifunga. Noemi alikuwa ameuachia mkono wake.

"Sema, babu," alisema msichana.

"Nilikuwa kijana. Nilitaka kuondoka tu."

"Jina," alisema Ersilia.

"Quirino hakuiba. Ni mimi."

Watu husema kisasi kikifika hakina ladha. Hao hawajawahi kulipiza. Ersilia aliona utamu mpaka kwenye magoti. Alimpa Evaristo kamba mkononi, akamwonyesha pigo la mazishi, moja, kisha kimya, kisha jingine, mpaka itimie hesabu ya miaka ya marehemu. Kengele ile ni nzito. Kila ilipopanda ilimwinua mzee kwenye ncha za viatu, na kwapa la suti likapasuka. Alipotaka kupumzika Ersilia alimwambia bado, baba hakuwa mtoto mchanga. Evaristo alilia huku akivuta, na Ersilia hakumwonea huruma hata kidogo.

Ndipo akafungua mlango. Nje watu wa mji walikuwa wametoka mezani, vitambaa vya kulia bado shingoni, kila mmoja akimtazama mwenzake kuona nani hayupo. Mbele alisimama Gaspare, mpiga kengele wa zamani, aliyegoma kuigusa kamba siku Quirino alipozikwa, sasa anatembelea mkongojo.

"Ersi," aliuliza, "kafa nani?"

"Baba yangu," alisema Ersilia. "Vua kofia."