Kadi za Boksi za Neno "Get"

Siku yangu ya kwanza ghalani Louisville, Marekani, mwaka 2014, msimamizi wa zamu alinipa amri tano, na kila moja ilikuwa na neno la Kiingereza "get". Nilileta ngazi, nikashuka ngazi, nikapisha njia, nikaitikia kwamba nimeelewa, nikaenda kula. Nilifuata mikono yake, si maneno.

Katika kambi ya wakimbizi Tanzania, daftari zilipokwisha, tuliandika masomo kwenye maboksi ya msaada. Basi pale ghalani nilikata kadi za boksi. Juu ya kila moja niliandika sentensi niliyoisikia, chini nikachora kitendo kilichofuata, kisha nikaitundika palepale kinapofanyika. "Get the door" ilikaa kwenye mlango wa malori: mkono unaufungua. Neno "get" peke yake sikulichorea maana. Nilijaribu mara moja, kadi ikajaa pande zote mbili.

Aliyezihitaji zaidi alikuwa Mihai, Mromania aliyejua Kiingereza kidogo kuliko mimi. Mgongo wake ulikuwa umeharibika na daktari alimkataza kunyanyua mizigo. Akifaulu mtihani wa foklifti, kigari chenye uma wa kubebea paleti, mtihani wa kufuata amri za Kiingereza, atabaki. Akishindwa, kazi imekwisha.

Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyefunga mizigo karibu nasi, alitucheka kila siku.

"Bon, mwalimu ya makartoni, mzungu yako amefika wapi?"

"Amefika mlangoni."

"Donc atatoka mwaka gani?"

Siku moja kabla ya mtihani, meneja wa ghala alipita akitazama kuta. "Ondoa hizi zote. Wakaguzi wanakuja." Kwetu amri ya mkubwa haijadiliwi. Nilizibandua, nikazitia zote kwenye mashine ya kubana maboksi, ndipo nikamkumbuka Mihai.

"Mzee!" Mihai alisema alipoona kuta tupu, jina alilolisikia kwa Wakongo. "Umebana Kiingereza changu chote!"



Kesho yake msimamizi alisimama katikati ya ghala, akaanza kuamuru. Kila amri, Mihai kwanza alitazama mahali kadi ilipokuwa, kisha akatenda. Alitazama mlango mtupu, akashuka, akaufungua. Alitazama ngazi, palipokuwa na kadi ya kushusha, akateremsha uma taratibu. Hakukosea hata moja.

"Anaangalia nini?" msimamizi aliniuliza.

"Shule yake."

Cheti chake kilipotiwa sahihi, Mama Furaha alipiga vigelegele mpaka meneja akatoka ofisini.

Baadaye nilihamia Columbus, kisha Buffalo, nikafundisha wageni kwa kadi za namna ileile. Tofauti ilikuwa moja: kila kadi niliibandua mwenyewe baada ya wiki mbili, na hakuna aliyelalamika zaidi ya siku moja.

Nilipostaafu, Mihai, ambaye bado anaendesha foklifti yake, alinitumia bahasha. Ndani mlikuwa na kipande cha boksi, kitupu pande zote mbili. Nikampigia simu.

"Kitundike mbele ya kiti chako, Mzee," alisema. "Unajua kimeandikwa nini."

Kila asubuhi nakisoma, "Get up," kisha nainuka.