Shemeji wa Kanada na kibla kilichomkasirisha baba mkwe

Wakuu, heshima kwenu. Hii sijaitunga, mke wangu kaisoma kabla sijaipandisha.

Mimi ni wa Komoro, Mngazidja wa Moroni, mji mkuu, zamani nikiuza vitambaa soko la Volo Volo. Nikaoa Mutsamudu, kisiwa cha pili, Ndzuani. Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke, kwa hiyo Ndzuani ilipotangaza kujitenga na serikali ya Moroni, nilikuwa "Moroni" pekee ndani ya nyumba ya wakwe.

Umeme ukikatika, Moroni. Chumvi ikizidi, Moroni.

Basi shemeji yangu Saidi, aliyehamia Montreal, akatuma kaseti ya salamu. Katikati akasema huko wanaswali wakielekea kaskazini-mashariki.

Baba mkwe akazima redio. Akaenda kwenye ramani ya dunia ukutani, akaweka rula. Kutoka Kanada, Makka iko mashariki, tena chini kidogo.

"Huyu ameshapotea. Jina lake lisitajwe humu."

Aisee, mzee hakutania. Mama mkwe akawa analia jikoni kila siku. Mke wangu akaniambia, "Wewe si ulisoma Dar? Fanya kitu!"

Nikatafuta shelisheli, lile tunda la kupika, la mviringo kama mpira. Nikachora mabara kwa chaki (Afrika ilitoka kama kiatu, nisameheni). Pini moja Kanada, nyingine Makka, nikakaza uzi katikati. Uzi ukapanda kaskazini kwanza, ndipo ukateremka. Nikaulazimisha upite njia ya rula: haukufika Makka.

"Baba, ramani ni kama ganda lililobanduliwa likanyooshwa. Huko juu limevutwa mno, ndiyo maana njia fupi inaonekana imepinda. Hata ndege zinapita hivyo."

Akanikazia macho. "Sasa hata kibla kinatoka Moroni?"

Lakini akaninyang'anya shelisheli, akapima mwenyewe. Akarudia. Akarudia tena.

"Sisi tuko wapi?"

Nikachomeka pini ya Mutsamudu. Ya Moroni ikakosa nafasi, ikaingia tundu lilelile. Mzee akaguna tu.

Kisha akavuta redio, akabonyeza kitufe cha kurekodi:

"Saidi, baba yako hapa. Elekea hukohuko. Na upige simu, mama yako anatia machozi kwenye wali."

Mama mkwe akapiga vigelegele, halafu akaichemsha dunia nzima kwa tui la nazi. Tukala.

Nilichojifunza: kabla hujamfukuza mtoto kwa sababu ya rula, hakikisha ulichopima ni bapa.

Haya, wenye wakwe wabishi, nyie mliwashinda kwa tunda gani?