Siku Niliyomweka Furaha kwenye Vitufe

Nianze kwa kukubali, maana kila anayeongea Kiswahili mjini Durban ameshaisikia habari hii na kukana ni kujichosha bure: ndiyo, ni mimi, yule wa suti ya kijivu, niliyetolewa pepo redioni, hewani, Jumamosi asubuhi, watu wakiwa wanakunywa chai. Wapo wanaosimulia kwamba nililia. Sikulia. Yalikuwa mafuta ya upako yaliyoniingia machoni, na nitaeleza yaliingiaje.

Ila kwanza mjue mnazungumza na nani. Mimi sikuletwa mjini na mjomba. Nilifika Durban na begi moja, nikalinda magari ya watu mtaa wa Point kwa miaka minne, nikauza vifuniko vya simu kwenye meza ya kukunja, na nilichopata nikaenda nacho Nairobi kusomea utangazaji hadi nikachukua diploma (iko ukutani kwangu ndani ya kioo, nakala iko ukutani studio, na picha yake iko kwenye simu kwa yeyote atakayetaka kuiona). Niliporudi Durban sikurudi kwenye magari. Nilipanda ngazi moja kwa moja hadi kwenye redio ndogo ya jamii kule Glenwood, nikawaambia watu wetu ni wengi hapa, Wakongo, Watanzania, Wakenya, na wanahitaji saa yao ya Kiswahili. Wakanipa. Jumamosi, saa tatu hadi saa nne asubuhi, na niliipata kwa mdomo wangu huu.

Redio ilikuwa na sharti moja tu, kwamba kila kipindi kiwe na mtangazaji mwanamke. Mimi sina tatizo na wanawake, nimelelewa na mmoja, kwa hiyo nikamchukua Furaha, msusi wa saluni moja kule Point, mtu wa Bukavu, mwenye cheko la kumfanya dereva wa taxi apunguze muziki ili alisikie vizuri. Tukagawana kazi kama nilivyozoea kusikia redio nyingi zikigawana: mwanaume anasema, mwanamke anacheka. Mimi nilikuwa na habari, mahojiano na uchambuzi. Yeye alikuwa na kucheka, kutuma salamu, na kuniambia "Kweli kabisa, kaka!" kila nilipomaliza hoja. Hata kiti changu kilikuwa na magurudumu na chake hakikuwa nayo. Sikuona ubaya.

Basi Alhamisi moja Furaha akanipigia simu akiwa kazini, nasikia mashine za kukaushia nywele zinavuma nyuma yake.

"Bwana Diploma," akasema kwa Kiswahili chao cha Bukavu (wananiita hivyo kwa heshima, nadhani), "Jumamosi hii minataka kusoma habari."

"Habari ipi?"

"Habari yote. Kila siku batu banaketi hapa kwa kiti yangu, bananiambia mambo ya makaratasi, ya kazi, ya masomo ya watoto. Minajua kile banataka kusikia."

Nikamweleza taratibu, kama nilivyofundishwa kuongea na umma, kwamba habari inahitaji sauti yenye mamlaka, na mamlaka hayo mtu huyasomea, na yeye Mungu amempa kipaji cha kucheka, kwa hiyo kila mtu abaki na chake.

Nikasikia akizima mashine moja.

"Sharp," akasema, yaani sawa, kwa lugha ya mitaa ya Durban. "Basi Jumamosi ucheke weye mwenyewe." Akakata.

Ningempigia tena na kusema pole, nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia. Lakini mtu mwenye diploma atampigiaje msusi mara mbili? Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Jumamosi hiyohiyo dada Thandeka, msimamizi wa vipindi wa redio, alikuwa anakuja kukaa nyuma ya kioo cha studio na kusikiliza kama kweli tuna mtangazaji mwanamke. Asipomsikia, saa yetu inapewa kipindi cha nyimbo za kwaya, ambacho kilikuwa kinaitamani kwa muda mrefu.

Ijumaa mchana nikafungua kompyuta ya studio, nikachukua rekodi za vipindi vyetu vyote vya miezi minane, nikaanza kumtafuta Furaha humo ndani. Mpango wangu ulikuwa kukata sentensi zake nzuri na kuziweka kwenye vitufe, nikibonyeza anasema. (Kitaalamu ni kazi safi sana, mwalimu wangu angejivunia.) Tatizo ni kwamba sentensi sikuzipata. Miezi minane! Kila alipoanza jambo, sauti yangu ilikuwa inaingia juu yake kama lori. Mwisho wa siku nikapata vipande sita tu: cheko refu, cheko fupi, "Kweli kabisa, kaka!", "Eeh, tuambie!", "Pole sana jamani", na "Salamu ziwafikie wote!" Wala sikusikia aibu. Nilifurahi kwamba vinatosha.

Na kweli vilitosha, kwa dakika ishirini za mwanzo. Dada Thandeka alifika, akaniuliza kwa Kiingereza mwenzangu yuko wapi, nikamwambia amekaa chumba kidogo cha upande wa pili kwa sababu ana mafua, akaitikia kwa kichwa na kukaa nyuma ya kioo na daftari lake. Kiswahili hajui. Nikaanza kipindi, nikatoa hoja, nikabonyeza, Furaha akasema kweli kabisa. Nikatania, nikabonyeza, akacheka. Na ninaapa hatukuwahi kuelewana vizuri kiasi kile. Dada Thandeka akaandika kitu na kutabasamu.

Kisha nikafika kwenye tangazo la msiba. Mzee mmoja wa Overport amefariki, mtu aliyeheshimika sana, mazishi ni Jumanne. Nikalisoma kwa sauti nzito, pole pole, nikanyoosha mkono kubonyeza "Pole sana jamani", na mkono wa suti yangu (suti ni nzuri ila nilinunua kubwa kidogo nikitarajia kunenepa) ukatangulia kidole na kubonyeza cheko refu.

Lile cheko ni la sekunde kumi na moja. Sijawahi kuona sekunde zenye miguu mizito namna ile. Nikatapatapa nikabonyeza kingine ili kulizima, Furaha akasema, "Kweli kabisa, kaka!"

Simu ya studio ikawaka papo hapo. Nikaipokea hewani, nikitumaini ni mtu wa salamu. Alikuwa Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga mazishi hayo.

"Bwana Diploma! Nani huyo anayecheka maiti?"

"Mama, samahani sana, ni dada Furaha, ameteleza tu..."

"Furaha gani?"

"Furaha wetu, Mama. Yuko hapa studio."

"Furaha iko hapa!" akapiga kelele. "Miye niko kwa saluni! Mikono yake miwili iko kwa kichwa yangu sasa hivi!"

Na nyuma yake, hewani, mji mzima ukisikia, Furaha wa kweli akauliza, "Iko namna gani hii? Minacheka wapi miye?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Ningesema ni rekodi, tungecheka, yangeisha. Lakini nyuma ya kioo niliona kalamu ya dada Thandeka imesimama, nikaiona saa yetu inaondoka na kwaya, na mdomo wangu ukasema wenyewe: "Mama, nakuhakikishia Furaha yuko hapa pamoja nami. Si ndiyo, Furaha?" Nikabonyeza.

"Kweli kabisa, kaka!"

Simu ikakatika. Ujumbe ukaanza kumiminika. Mmoja aliuliza kama Furaha ana pacha. Mwingine akasema bibi yake huko Uvira alishawahi kuonekana sokoni na shambani kwa wakati mmoja na haikuwa habari njema. Wa tatu aliandika tu: TOKA HUMO STUDIO. Nikaweka wimbo mrefu kuliko yote niliyokuwa nayo, nikamfanyia dada Thandeka ishara ya kidole gumba.

Kutoka Point hadi Glenwood, ukikuta robot (taa za barabarani) zote za kijani, si mbali. Wimbo ulikuwa haujaisha nikasikia ngazi zinalia, mlango ukafunguka, na akaingia Mama Pasta, nusu ya kichwa imesukwa vizuri sana na nusu nyingine imesimama wima kama imeshtuka, kitambaa cha saluni bado kiko shingoni, chupa ya mafuta mkononi. Nyuma yake Furaha na kitana. Nyuma ya Furaha wateja wawili, mmoja ana rangi kichwani isiyotakiwa kukaa zaidi ya nusu saa (aliniambia hivyo mara tatu). Wimbo ukaisha. Taa nyekundu ya hewani ikawaka.

"Iko wapi?" Mama Pasta akauliza.

"Nini, Mama?"

"Ile kitu iliiba sauti ya huyu mtoto!"

Nikarukia kompyuta niizime, na kwa haraka ile nikabonyeza kitufe ambacho hadi leo sijui kwa nini kiliwekwa, kinachocheza vipande vyote kimoja baada ya kingine na kurudia bila kuchoka. Kisha Mama Pasta akanishika kichwa na kunimwagia mafuta, na kuanzia hapo sikuona kitu. Nilisikia tu.

"Wewe roho! Uko humu ndani?"

"Kweli kabisa, kaka!" ikasema spika.

Wateja wakapiga yowe.

"Unataka kusema nini mbele ya watoto wa Mungu?"

"Eeh, tuambie!"

"Haya! Utatoka, hutoki?"

"Pole sana jamani."

"Nasema toka! Na wenzako wote!"

"Salamu ziwafikie wote!" Na likafuata lile cheko refu, sekunde kumi na moja zote, na mwenye rangi kichwani akapanda juu ya kiti changu cha magurudumu, kikaondoka naye hadi ukutani, na diploma ikaanguka.

Aliyeokoa ni Furaha. Nilimsikia akisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, ngojeni. Hiyo haiko pepo. Ni miye. Hilo cheko nililicheka Jumamosi ya Pasaka, huyu alipokosa kiti akakaa chini." Kisha waya wa kompyuta ukang'olewa, na pakawa kimya. Kimya cha hewani, ambacho darasani tulifundishwa ni kifo.

Nilipopangusa macho nikamwona Furaha amekaa, amevaa vipokea sauti vyangu vya masikioni, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake. Akawaomba radhi wafiwa wa Overport kwa jina la ukoo wao, akarudia siku ya mazishi. Akaeleza kwa sentensi mbili nilichofanya, bila kunitukana, na hiyo iliniuma zaidi. Kisha akasoma habari, bila karatasi: ofisi ya vibali imebadilisha siku ya kupokea Wakongo, msiende Jumatatu, mtarudishwa, shule fulani bado ina nafasi za watoto, wenye meza za biashara wahakikishe wanatembea na karatasi zao. Sikuwa na hata moja kati ya hizo. Mama Pasta alikaa sakafuni na nusu kichwa chake akisikiliza, mimi pia, na hakuna aliyemkatiza, kwa mara ya kwanza katika miezi minane.

Saa nne kamili dada Thandeka aliingia, akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa Kiingereza kumetokea nini. Nikafungua mdomo, mafuta yakaniingia. Furaha akajibu yeye, kwa Kizulu, lugha ambayo mimi sikujishughulisha nayo kwa sababu niliiona ya barabarani, na yeye aliiokota kwenye vichwa vya wateja. Aliongea muda mrefu. Mara mbili alininyooshea kitana. Mara moja alionyesha jinsi mtu anavyotambaa, na mimi sikutambaa. Dada Thandeka alicheka hadi akashika ukuta, kisha akaandika kwenye daftari: saa ya Kiswahili inabaki, mtangazaji mkuu ni Furaha. Kuhusu mimi hakuandika chochote. Furaha ndiye aliyesema nibaki, nishughulike na mitambo, kwa kuwa nimeisomea.

Nimeapa sitamtia mtu maneno mdomoni tena, awe hai au awe kwenye kompyuta. Na kila Jumanne jioni sasa naenda darasa la Kizulu (mwalimu anasema naendelea vizuri kuliko wote, na cheti kipo mwishoni), maana dada Thandeka akinikuta kwenye ngazi hadi leo anasimama, ananitazama, anacheka, anaendelea na safari yake. Nataka siku moja nimuulize aliambiwa nini. Nimeshajifunza swali lenyewe, nalijua kwa ufasaha. Ninachoogopa ni kwamba sasa nitaelewa na jibu.