Mama Ndani ya Sidii

Sikumwamini yule fundi tangu aliposhuka na kamera yake pale kwetu Nyamasaria. Alitabasamu mno. Alisema kampuni yake inatengeneza kitabu cha kompyuta: mtoto atasoma hadithi kwenye skrini, abonyeze picha, kisha amwone mama yangu akisimulia na kumsikia kwa sauti yake mwenyewe. Miaka ya tisini ilikuwa inayoyoma, na kompyuta tulikuwa tumeiona tu kwenye dirisha la duka mjini. Nikajiuliza, sauti ya mtu ikishaingia humo, inakuwa ya nani?

Lakini Mama alikuwa anaugua kifua, na hadithi zake hakuna mwingine nyumbani aliyezishika. Niliogopa zitapotea. Ndiyo maana nikakubali, shingo upande.

Fundi alifukuza kuku, akafunga mlango, akatuamuru tunyamaze kabisa. Mama akaanza: fisi alikwenda ziwani kuoa. Kisha akatua. Kwetu msimulizi hutua ili asikie "eee". Asipoisikia, anajua wasikilizaji wamelala, naye anaacha hapo hapo. Tukabaki kimya kama tulivyoagizwa.

Mama akanigeukia, pale nilipokaa karibu na kamera. "Nyathina, mwanangu, hawa watu wamelala?"

"Endelea tu, Mama," fundi akasema.

"Niendelee na nani?"

Akaanza kujifunga leso ili ainuke. Nikaingiwa na hofu, nikasema "eee" kwa nguvu. Fundi alinikata jicho, lakini Mama akaketi, akaanza upya. Nikamwitikia mpaka mwisho.

"Si neno," fundi akasema akikunja nyaya zake. "Sauti yako nitaifuta."

"Na ya Mama?"

Akatabasamu tena. "Bwana, wewe unashuku watu sana! Niibe sauti ya mzee niende nayo wapi?"

Sidii yenye kitabu hicho cha kompyuta ilifika wakati Mama ameshazikwa. Nilikwenda kuitazama kwenye ofisi moja mjini, nikiwa tayari kwa ugomvi. Nilitafuta kasoro, sikuipata. Hadithi ilikuwa nzima, sauti ilikuwa yake, hata kikohozi walikiacha. Yangu tu ndiyo ilikuwa imefutwa, kama alivyosema.

Mama akasema fisi alikwenda ziwani kuoa. Akatua. Akanitazama kutoka kwenye skrini, akingoja.

Makarani walikuwepo, lakini sikujali. Nikasema "eee", naye akaendelea.